Merikebu za Anga Juu ya Meza

Katika nchi za Ulaya na Marekani upo mchezo wa vita uchezwao juu ya meza kwa sanamu ndogo. Wachezaji hawashiki silaha, wala hawapigani. Kila mmoja hupanga jeshi lake la sanamu za madini au za plastiki, naye huliendesha kwa kanuni zilizoandikwa kitabuni. Kanuni hizo hueleza kila sanamu yaweza kwenda umbali gani kwa zamu moja, na silaha yake yafika wapi, na ikipigwa yapata hasara gani. Rula hutumika kwa kupima, na dadu kwa mambo ya bahati. Mchezo ukiisha, sanamu hurudishwa sandukuni, wala hakuna mama aliaye.

Mchezo huo una asili ya zamani. Mwaka wa 1824, katika ufalme wa Prussia, afisa mmoja wa mizinga, jina lake Georg von Reisswitz, alipiga chapa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, na wakuu wa jeshi wakautumia kuwafundishia maafisa wao. Mwaka wa 1898 Mwingereza Fred T. Jane alitoa mchezo wa manowari. Tena mwaka wa 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kuchezea askari wadogo sakafuni. Katika kitabu hicho askari wa miguu huenda futi 1 kwa zamu, na mpanda farasi futi 2. Kanuni hiyo ni fupi, nayo ni ya kweli ya kutosha: farasi humpita mtu, na wote wawili hawana budi kusimama wasipojitahidi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwenye kutunga kanuni. Hawezi kuutia ulimwengu wote mezani. Huchagua jambo moja au mawili yaliyo kiini cha habari, akayaandika kwa maneno machache ambayo mchezaji aweza kuyashika. Akichagua vibaya, mchezo waweza kupendeza sana, lakini utamfundisha mchezaji uongo.

Basi watu walipoanza kutunga michezo ya merikebu za anga, yaani vyombo visafirivyo nje ya hewa ya dunia, wengi wao walichukua kanuni za baharini vile vile zilivyo, wakabadili majina tu. Merikebu yao ya anga huenda mbele kwa injini. Injini ikizimwa, husimama. Ikitaka kupinda, hugeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, na mara mwendo wote hufuata omo. Mtu akiangalia meza hiyo huona manowari zisizo na maji chini yake.

Kosa hilo halikuwa la ujinga tu. Lilitoka katika mazoea. Nahodha wa jahazi ajua ya kuwa tanga likishushwa, maji hukishika chombo ubavuni, mwendo ukapungua kidogo kidogo hata kikatulia. Ajua tena ya kuwa usukani ukikatwa upande, maji husukuma usukani, na jahazi hugeuka. Maji ndiyo yamzuiayo, na maji ndiyo yamsaidiayo. Lakini katika anga tupu hamna maji wala upepo. Hamna kitu cha kukamata chombo, wala cha kuegemea usukani.

Mwaka wa 1687 Mwingereza Isaac Newton alipiga chapa kitabu ambamo alieleza kanuni tatu za mwendo. Ya kwanza yaonyesha ya kwamba kitu kilichotulia hukaa kimetulia, na kitu kiendacho huendelea kwenda kwa mwendo ule ule katika mstari ulionyoka, mpaka nguvu nyingine ije kukibadili. Mtu wa duniani huona vigumu kusadiki habari hiyo, maana kila kitu akisukumacho husimama. Lakini na ajaribu kwa chungwa. Akiliviringisha katika mchanga, litakwenda hatua mbili. Akiliviringisha kwa nguvu zile zile katika sakafu ya saruji, litavuka chumba. Chungwa ni lile lile na mkono ni ule ule. Kilichopungua ni kizuizi. Kizuizi kikiondolewa kabisa, chungwa halitakuwa na sababu ya kusimama.

Ushahidi upo. Chombo kiitwacho Voyager 1 kilirushwa kutoka Marekani tarehe 5 Septemba 1977. Kilipita karibu na sayari ya Mshtarii mwaka wa 1979, na karibu na Zohali mwaka wa 1980, na uvutano wa sayari hizo ukakiongezea mwendo. Tangu hapo hakuna injini ikisukumayo mbele, na hata hivyo chaendelea kwenda, yapata kilometa 17 kwa kila sekunde. Katika sekunde 4 hupita umbali kama wa Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Hakina nahodha, wala tanga, wala mafuta ya kusukumia safari hiyo. Chaenda kwa sababu hakuna kilichokizuia.

Kwa hiyo injini ya merikebu ya anga haifanyi kazi ile ambayo watu huidhania. Kazi yake si kuiendesha merikebu. Kazi yake ni kubadili mwendo iliyo nao. Huongeza, au hupunguza, au husogeza njia upande mmoja. Ikizimwa, hakuna kinachobadilika, na merikebu yaendelea vile vile. Mtunga kanuni akilishika neno hili moja, mengine yote huja yenyewe.

Mwaka wa 1973 kampuni ya Marekani iitwayo Game Designers' Workshop ilitoa mchezo wa Triplanetary, ambao kanuni zake zilishika neno hilo. Ramani yake ilikuwa ya jua na sayari zilizo karibu nalo, nayo iligawanywa katika vyumba vyenye pembe sita, kama sega la asali. Mchezaji alichora mshale kutoka mahali merikebu ilipokuwa hata mahali ilipo. Zamu ifuatayo alichora mshale mwingine wa urefu ule ule na upande ule ule, kuanzia pale ulipoishia wa kwanza. Akitaka kubadili njia, alitumia mafuta, na ncha ya mshale ikasogea. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1978, kampuni hiyo hiyo ilitoa mchezo mdogo uitwao Mayday, ambao badala ya mishale ulikuwa na vipande vitatu kwa kila merikebu: kimoja cha mahali ilipokuwa, kimoja cha mahali ilipo, na kimoja cha mahali itakapokuwa.

Hayo yaweza kufanywa darasani bila kununua kitu. Twaa karatasi ya miraba, na kokoto tatu kwa kila merikebu. Kokoto ya kwanza iitwe Jana, ya pili Leo, ya tatu Kesho. Kila zamu, hesabu miraba kutoka Jana hata Leo, kisha hesabu miraba ile ile, upande ule ule, kutoka Leo, ukaweke Kesho hapo. Ukipenda kuwasha injini, lipa kipimo kimoja cha mafuta, usogeze Kesho mraba mmoja upande ule ambao omo imeelekea. Basi, merikebu yahamia penye Kesho. Leo ya zamani yawa Jana, na Kesho yawa Leo mpya. Hakuna kanuni nyingine ya mwendo.

Ili kuona matokeo yake, fikiri habari hii. Katika mraba wa 25 imo merikebu iliyoharibika. Mabaharia wake wangali hai, lakini hewa iliyobaki yawatosha zamu 12 tu, si zaidi. Merikebu mbili, Nyekundu na Nyeusi, zimetulia katika mraba wa 0, kila moja ina vipimo 12 vya mafuta. Mwenye kuwaokoa hana budi kufika mraba wa 25 na kutulia papo hapo, maana watu hawawezi kuhamishwa kutoka chombo kilichotulia hadi chombo kipitacho kama risasi.

Manahodha wote wawili huanza sawasawa. Zamu ya kwanza kila mmoja huwasha injini, huenda mraba 1. Zamu ya pili mwendo ni miraba 2, nao hufika mraba wa 3. Zamu ya tatu mwendo ni 3, wapo mraba wa 6. Ya nne, mwendo ni 4, wapo mraba wa 10. Ya tano, mwendo ni 5, wapo mraba wa 15. Hapo wameachana.

Nahodha wa Nyekundu alihesabu mapema. Alisema moyoni, "Mwendo wangu ni miraba 5. Nikianza kuupunguza sasa, nitakwenda 4, na 3, na 2, na 1, ndiyo miraba 10, kisha nitatulia. Kumi na kumi na tano ni ishirini na tano." Akageuza omo nyuma, akawasha injini kinyume cha mwendo wake. Zamu ya sita alikuwa mraba wa 19. Ya saba, 22. Ya nane, 24. Ya tisa, 25. Na zamu ya kumi alitulia kando ya ile iliyoharibika. Alikuwa ametumia vipimo 10, na 2 vimebaki.

Nahodha wa Nyeusi aliona mwenziwe akigeuza omo, akafurahi, akidhani amechoka. Bado miraba 10 ilikuwa mbele yao, naye alitaka kutangulia. Akawasha injini mara moja tu zaidi, mwendo ukawa 6, akafika mraba wa 21. Kisha akageuka kupunguza. Zamu ya saba mwendo wake ulikuwa 5, akaenda toka mraba wa 21 hata wa 26. Aliwapita wale mabaharia zamu tatu kabla Nyekundu haijatulia kwao. Kama wangalikuwapo dirishani wangaliona taa zake, kisha tezi yake, kisha nyota. Zamu ya nane alikuwa mraba wa 30, akiendelea kuunguza mafuta. Ya tisa, 33. Ya kumi, 35. Ya kumi na moja, 36. Na zamu ya kumi na mbili alitulia, katika mraba wa 36, na tangi lake lilikuwa tupu. Vipimo 6 alivitumia kwa kuongeza mwendo, na 6 kwa kuuondoa. Hakubakiwa na hata kimoja cha kumrudisha nyuma miraba ile 11.

Hakuna risasi iliyompiga Nyeusi, wala dadu iliyomwangusha. Alipotea zamu ya sita, na wala hakujua ya kuwa amepotea mpaka zamu ya saba. Katika mchezo wenye kanuni za baharini jambo hilo haliwezi kutokea kamwe, kwa kuwa nahodha angalizima injini akasimama. Ndiyo sababu watu waliozoea kanuni za kweli huona zile nyingine hazina ladha: hamna cha kuogopa isipokuwa adui.

Kupinda ni jambo la pili lenye kuwatatiza wanaoanza. Chukua merikebu iendayo kaskazini miraba 4 kwa zamu. Nahodha ataka kwenda mashariki. Ageuza omo mashariki, awasha injini. Zamu ile yaenda miraba 4 kaskazini na 1 mashariki. Ya pili, 4 kaskazini na 2 mashariki. Ya tatu, 4 na 3. Ya nne, 4 na 4. Baada ya zamu nne omo yaelekea mashariki kabisa, lakini merikebu imekwenda miraba 16 kaskazini na 10 tu mashariki, na bado inapanda kaskazini kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Kuufuta mwendo huo, budi awashe injini kuelekea kusini mara 4, na wakati afanyapo hivyo atapanda miraba 6 zaidi. Mwendo wa kale haufi kwa sababu nahodha amegeuza uso wake.

Lakini jambo hilo hilo lina faida. Kwa kuwa omo na njia si kitu kimoja, merikebu ifukuzwayo yaweza kugeuza omo nyuma, ikamwelekezea adui mizinga yake, huku ikiendelea kukimbia bila kupoteza hata chembe ya mwendo. Jahazi haliwezi, wala ndege haiwezi. Tena merikebu mbili ziendazo miraba 20 sambamba, kila moja kwa mwenziwe ni kama imetulia. Mabaharia wangeweza kupeana mikono. Katika anga mwendo hupimwa kwa kulinganishwa na kitu kingine, si kwa kulinganishwa na meza.

Kugeuza omo kwenyewe kwahitaji uangalifu. Merikebu ya anga hugeuzwa kwa roketi ndogo za pembeni au kwa magurudumu mazito yazungukayo ndani yake. Ikisha kuanza kuzunguka, huendelea kuzunguka, mpaka izuiwe kwa nguvu iliyo sawa na ile ya kwanza. Kanuni nyingi za mezani huruka habari hiyo na kusema tu kwamba omo yaweza kugeuzwa mara moja kwa zamu. Ruhusa hiyo si mbaya, maana kugeuka huchukua muda mfupi, na kuongeza mwendo huchukua muda mrefu.

Uzito nao una neno lake. Nguvu ile ile ikisukuma kitu chepesi na kitu kizito, kizito hubadilika polepole; hiyo ni kanuni ya pili ya Newton. Kwa hiyo merikebu kubwa ya vita iruhusiwe kusogeza Kesho mara moja kwa zamu mbili, na ndogo kila zamu. Zaidi ya hayo, merikebu iunguzapo mafuta huwa nyepesi, na msukumo ule ule huzidi kuleta mabadiliko. Hesabu ya jambo hilo ilitolewa mwaka wa 1903 na Mrusi Konstantin Tsiolkovsky. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga, aliyepoteza kusikia kwake karibu kote tangu utoto kwa ugonjwa, na hesabu zake alizifanya katika nafasi alizopata baada ya kufundisha. Wachezaji wachache hupenda kuitia hesabu yake mezani, maana ni ndefu. Wengi huhesabu vipimo vya mafuta basi.

Mpaka hapa anga limedhaniwa kuwa tupu. Karibu na sayari mambo hugeuka, kwa kuwa sayari huvuta. Katika Triplanetary vyumba vinavyozunguka sayari vimetiwa mishale midogo iliyoielekea. Merikebu ikipita penye mshale, zamu ifuatayo Kesho yake husogezwa chumba kimoja upande ule, bila mafuta na bila hiari. Nahodha mjinga huanguka juu ya sayari. Nahodha mwerevu huenda polepole, chumba kimoja kwa zamu, na mishale humpinda kila zamu mpaka akawa anaizunguka sayari pasipo kuwasha injini tena. Ndivyo ilivyofanya setilaiti iitwayo Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, ndiyo asili ya jina lake. Iliizunguka dunia mara nyingi kila siku, ikianguka daima na daima ikiikosa.

Kadiri chombo kizungukavyo karibu na dunia, ndivyo kiendavyo upesi. Kituo cha anga kilicho yapata kilometa 400 juu huzunguka dunia kwa muda wa dakika 90 hivi. Setilaiti iliyo kilometa 36,000 juu huchukua siku nzima. Kutoka katika neno hilo hutokea ajabu ambayo hata marubani hodari walijifunza kwa shida. Tarehe 3 Juni 1965 Wamarekani James McDivitt na Edward White walirushwa katika chombo cha Gemini 4. McDivitt aliagizwa akikaribie kipande cha roketi iliyowaleta, kilichokuwa kikizunguka karibu nao. Alikuwa rubani wa ndege za vita, akafanya kama afanyavyo rubani: akaelekeza omo kwa kile kipande, akawasha injini. Hakukipata. Alirudia, na umbali haukukubali kupungua alivyotazamia. Mafuta mengi yakaisha, na kazi hiyo ikaachwa.

Sababu yake yaweza kuonekana hata mezani. Chombo kilichoongezewa mwendo kwa mbele hupanda juu zaidi, na njia ya juu ni ndefu, na mwendo wake ni wa polepole. Kwa hiyo hurudi nyuma ya kile kilichokuwa kikifukuzwa. Mwenye kutaka kumfikia aliye mbele yake hupunguza mwendo kwanza. Hapo hushuka, na kwa kushuka hupata njia fupi na ya upesi, akampita chini. Kisha hupanda kwake kwa kipimo. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule, Walter Schirra na Thomas Stafford katika Gemini 6 walifanya hivyo. Walianza katika njia ya chini, wakawasha injini kwa saa zilizohesabiwa, hata wakaifikia Gemini 7, walimokuwamo Frank Borman na James Lovell, na kati ya vyombo viwili pakabaki kama futi moja.

Wapo wanaolalamika ya kwamba meza ni bapa, hali anga lina juu na chini. Neno lao ni la haki. Mwaka wa 2004 kampuni ya Ad Astra Games ilitoa mchezo uitwao Attack Vector: Tactical, ambao sanamu zake husimamishwa juu ya vigae vilivyopangwa ili kuonyesha kimo, na huinamishwa kwa vipande vya mshazari ili kuonyesha omo ilikoelekea. Ni kazi ya kusifiwa, lakini mwenye kuanza atachoka kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Kwake yeye karatasi bapa yatosha. Merikebu mbili na sayari moja ni nukta tatu, na nukta tatu daima zaweza kuwekwa katika ubao mmoja, ijapokuwa mwendo wao waweza kuwatoa humo baadaye.

Wengine hutunga kanuni mbili wakamwachia mchezaji achague. Mwingereza Jon Tuffley alifanya hivyo katika michezo yake ya Full Thrust, iliyoanza kutolewa miaka ya 1990. Kanuni ya kwanza hubakiza mwendo toka zamu hata zamu, lakini merikebu hufuata omo yake, kama katika sinema. Ya pili, iliyoongezwa baadaye, ni ya Newton. Afadhali kanuni ikubaliyo ya kuwa ni ya sinema, kuliko ile ijitiayo kuwa ya kweli.

Sanamu zenyewe zisimdanganye mtu. Kama sentimeta moja ya meza ni kilometa 100 za anga, merikebu yenye urefu wa mita 100 ingekuwa sehemu moja katika mia ya milimeta, wala jicho lisingeiona. Sanamu ya urefu wa kidole ni alama tu. Kwa hiyo vipimo vyote huanzia katikati ya kijiti kilichoishikilia, si kwenye ncha ya omo. Na sanamu mbili zikigusana mezani, merikebu zenyewe hazijagongana. Kati yake bado pana nafasi ya kutia nchi nzima.

Zoezi. Zirudie safari za Nyekundu na Nyeusi katika karatasi ya miraba, zamu kwa zamu. Kisha tafuta shehena ya mafuta iliyo ndogo kuliko zote iwezayo kuifikisha merikebu mraba wa 25 na kuituliza humo kabla zamu ya 12 haijaisha. Apataye vipimo 10 amefuata njia ya Nyekundu, na watu wameokoka. Apataye 8 amefikiri zaidi: atatulia zamu ya 11. Lakini vipimo 6 vyatosha. Merikebu yawasha injini zamu tatu, yaizima, yasafiri kimya kwa miraba 3 kila zamu mpaka zamu ya nane, itakapokuwa katika mraba wa 21. Kisha yapunguza, yaenda 2, na 1, na tena 1 bila kuwasha. Na zamu ya kumi na mbili yatumia kipimo chake cha mwisho, yatulia.